Mjadala: Je, utando (kipande chembamba cha dawa) unaoyeyuka mdomoni uchukue nafasi ya kidonge cha rivaroksabani?

Mtoa hoja: Mgonjwa aliyepata kiharusi na kushindwa kumeza vizuri asikose rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya umbo lake tu, hapo sina ubishi. Ninachopinga ni dhana kwamba kinachoyeyuka ulimini huingia kwenye damu papo hapo, na kwa hiyo kinamfaa kila mtu. Rivaroksabani haiyeyuki kwa urahisi katika maji, na hufyonzwa zaidi katika sehemu ya juu ya njia ya chakula, hivyo utando ukishalainika, dawa humezwa pamoja na mate na kupita njia ileile ya kidonge. Miligramu 20 zikimezwa tumbo likiwa tupu, takriban asilimia 66 tu ndiyo hufika kwenye damu, na ndiyo sababu dozi za miligramu 15 na 20 huamriwa zitumiwe pamoja na chakula. Nahofia kwamba mtu aliyezoea kuambiwa "huhitaji hata maji" ataona na chakula hakihitajiki.

Mchangiaji wa kwanza: Hofu hiyo inatibiwa kwa maelezo mazuri ya mfamasia, si kwa kumrudisha mgonjwa kwenye kidonge. Ni kweli kwamba kidonge cha rivaroksabani kinaweza kusagwa na kuchanganywa na chakula laini, lakini anayesaga nyumbani huacha unga kwenye kijiko na kwenye kikombe, na hakuna ajuaye kilichopotea ni kiasi gani. Tena mazoea ya kusaga yakihamia kwenye dawa nyingine huwa hatari: chembe za dabigatrani, nayo dawa ya kuzuia damu kuganda, zikinywewa nje ya kapsuli yake, kiasi kinachofyonzwa huweza kuongezeka kwa asilimia 75, na mgonjwa akavuja damu. Utando huja na dozi iliyokwisha kupimwa.

Mtoa hoja: Kuhusu kusaga umenishawishi, ila si kwa wote. Wazee wengi wana midomo mikavu, na utando huweza kunata kwenye kaakaa.

Mchangiaji wa pili: Swali la msingi ni ushahidi. Kwa kawaida mamlaka za dawa hutaka uwiano wa viwango vya dawa kwenye damu baina ya maumbo mawili, pamoja na ukingo wake wa kitakwimu (kadirio la chini na la juu la uwiano huo), ubaki kati ya asilimia 80 na 125. Mtengenezaji anayetaka utando uchukue nafasi ya kidonge aonyeshe ulinganifu huo mgonjwa akiwa ameshiba, kwa maji na bila maji.