ETI "TUPIGE KURA KWA SIMU" NYERO IINGIE URITHI WA DUNIA!!!

Jabali_la_Kumi:
Wakuu, mmemsikia redioni asubuhi? Simtaji, sauti yake hata mbuzi wa wilaya yetu ya Kumi, Uganda, wanaijua. Kaulizwa kwa nini michoro yetu ya kale ya miambani, ya Nyero, haijaingia orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Akakohoa, akasema: "Wananchi watume ujumbe, tupige kura." KURA! Kama mashindano ya urembo! Lile duara jekundu la jabalini livae taji lipunge mkono?

Hakuna kura ya wananchi. Ile ya maajabu saba, 2007, ilikuwa ya watu binafsi na UNESCO walijitenga nayo. Huku serikali ndiyo inayopendekeza. Jina linakaa orodha ya awali mwaka mmoja angalau (Nyero imekaa humo hadi imeota ndevu), kisha faili: ramani ya mipaka, eneo la kinga, sheria inayolilinda, mpango wa usimamizi. Mwisho wa kupokea ni 1 Februari, na faili pungufu linarudishwa. Likipita, ICOMOS (baraza la kimataifa la wataalamu wa maeneo ya kale) wanakagua na kutuma mtaalamu uwanjani, uamuzi unatoka mwaka unaofuata. Wanaoamua ni Kamati ya nchi 21. Ishirini na moja! Na hazitumi ujumbe wa simu!

Halafu akamalizia: "Namba itatangazwa." NAMBA!!

Bodaboda_Msomi:
Itangazwe kabla ya Jumapili, bando langu linaisha 😂

Jabali_la_Kumi:
Wewe ndiye aliyekuwa anaongea nawe.

Mama_Faili:
Hasira nyingi, na sehemu ngumu umeiruka: ulinganisho. Kondoa ya Tanzania na Chongoni ya Malawi ziliingia 2006, nazo ni michoro ya miambani, zote kwa kigezo cha tatu na cha sita: ushahidi wa utamaduni, na uhusiano na mila hai. Sasa Nyero ina nini ambacho hizo hazina? "Ni ya kale sana" halijamshawishi mkaguzi yeyote. Ndiyo sababu inapendekezwa pamoja na majabali mengine ya mashariki, hadi kisiwa cha Dolwe ziwani Victoria. Ila ukiunganisha hivyo, kila kipande kinahitaji mpaka na ulinzi wake. Mtu akipasua kokoto nyuma ya jabali moja, faili zima linachechemea.

Jabali_la_Kumi:
Sawa mama, lakini KURA?

Tai_wa_Nile:
Hifadhi ya Murchison je? Watalii tele na haimo. Upendeleo mtupu.

Mama_Faili:
Wingi wa watalii si kigezo. Vigezo ni 10, sita vya utamaduni, vinne vya asili. Hifadhi za Bwindi na Rwenzori ziliingia 1994 kwa cha saba na cha kumi: uzuri wa mandhari, na makazi ya viumbe adimu. Na kabla hujauliza, Queen Elizabeth nayo haimo. Ile ni hifadhi ya baiosfea tangu 1979, mpango mwingine wa UNESCO.

Ssebo_Makuti:
Mnalilia kuingia, kubaki je? Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda, iliingia 2001, moto ukaila 16 Machi 2010, mwaka uleule ikatupwa orodha ya hatarini, ikatoka 2023. Darini kuna pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Huwezi kuezeka bati badala ya nyasi halafu ukasema uhalisia upo.

Tai_wa_Nile:
Mbona lubugo, kile kitambaa cha gome tunachozikia, uliingia 2008 bila ramani wala mpaka?

Mama_Faili:
Jamani! Hiyo ni orodha ya turathi zisizoshikika, mkataba wa 2003.

Bodaboda_Msomi:
Lubugo haushikiki? Babu anazikwa na hewa? 🤣

Mama_Faili:
Kilichoorodheshwa ni ufundi, si kitambaa. Kubandua gome la mti wa mutuba msimu wa mvua, kulipiga kwa nyundo za mti mpaka lilainike na kutanuka.

Ssebo_Makuti:
Na lipigwe bandani. Juani linakauka kabla halijatanuka, unabaki na matambara. Vijana wa siku hizi wanapiga popote.

Jabali_la_Kumi:
Wakuu, turudi kwenye kura...

Tai_wa_Nile:
Mti ukishabanduliwa haufi?

Ssebo_Makuti:
Unaufunga shina kwa majani ya migomba, gome linaota tena. Usipofunga, usimlaumu mtu.

Bodaboda_Msomi:
Miche ya mutuba inauzwa wapi Masaka? Niko njiani.