Kima cha chini kikipanda, mkata mkonge anapata nini?

Mwana wa Pongwe

Ndugu zangu, assalaam aleikum na habari za kazi. Mwaka 2013 hapa Tanzania kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa kilimo kiliwekwa kuwa shilingi 100,000 kwa mwezi, na tangu 1 Januari 2023 kikawa shilingi 140,000. Mwaka huu wa 2026 viwango vya sekta binafsi vimepanda tena. Shemeji yangu anakata mkonge katika shamba moja upande wa Muheza, naye hulipwa kwa kipande, yaani kwa idadi ya matita ya majani aliyoyakata na kuyapanga. Kila nyongeza inapotangazwa, malipo ya kipande hupanda kidogo, lakini matita nayo huongezwa, hata kazi aliyokuwa akiimaliza adhuhuri sasa inamfikisha alasiri. Je, nyongeza za namna hii zinamfaa mtu wa chini? Na ni kweli kwamba zikizidi, matajiri watapunguza watu?

Mhasibu wa Ngamiani

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalotumiwa sana kuwatisha wafanyakazi. Mwezi Aprili 1992 jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima chake cha chini kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa, wakati jimbo jirani la Pennsylvania halikubadili chake. Wachumi David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya vyakula vya haraka ya pande hizo mbili, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 1994 hawakuona kwamba New Jersey ilipoteza ajira kwa sababu ya nyongeza. Walichokiona ni bei ya chakula kupanda. Wachumi wengine, wakiwamo David Neumark na William Wascher, waliupinga kwa kutumia kumbukumbu za malipo, na ubishi huo haujaisha. Hata hivyo, dai kwamba nyongeza ni lazima ifukuze watu halina uhakika linaopewa.

Sasa tazama tofauti kubwa iliyopo kati ya mgahawa ule na shamba la shemeji yako. Kule malipo huhesabiwa kwa saa, kwa hiyo tajiri akiongeza saa ameongeza na malipo. Kwenye kipande saa hazionekani, na nyongeza humezwa humo bila mtu yeyote kufukuzwa. Dawa yake ni kukirudisha kipande kwenye saa. Chukua shilingi 140,000, gawanya kwa 4.333, ambazo ni wastani wa wiki za mwezi, upate malipo ya wiki, kisha gawanya kwa saa 45 ambazo sheria inaziruhusu kwa wiki kabla ya saa za ziada. Utapata takriban shilingi 718 kwa saa. Mkataji aliyetumia saa tisa akarudi na shilingi 5,000 amelipwa kama shilingi 556 kwa saa, ambazo hazifikii hata kiwango cha 2023, sembuse cha sasa. Shemeji aandike kila siku saa aliyoanza, saa aliyomaliza na idadi ya matita.

Mama Chumbageni

Naomba wafanyakazi wa nyumbani wasisahauliwe. Anayelala kwa mwajiri alitoka shilingi 40,000 za mwaka 2013 hadi shilingi 60,000 za mwaka 2023. Mtaani kwetu yupo binti aliyeongezewa mshahara huo, na mwezi uleule akaongezewa kazi ya kuamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua vya biashara. Hakuna aliyemwambia kwamba vitumbua havikuwa sehemu ya makubaliano.

Mzee wa Korogwe

Mhasibu amesema kweli, lakini daftari peke yake halitoshi. Nimeishi na watu wa mashambani miaka mingi, na kibarua anayekwenda peke yake kwa msimamizi kuonyesha hesabu, kesho yake jina lake halisomwi miongoni mwa wanaopewa kazi. Waende wakataji wengi pamoja, kupitia tawi lao la TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, kama lipo, na wakikwama wamwone ofisa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayebadili masharti ya kazi yaliyoandikwa ashauriane na mfanyakazi na amjulishe kwa maandishi. Kuongeza matita ni kubadili masharti. Tena, shauri likifika mbele na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye.

Mwana wa Pongwe

Nawashukuru sana. Mzee wangu, mkataba wa shemeji ni wa mdomo tu. Bado ana njia?

Mzee wa Korogwe

Anayo, mwanangu. Kuandika masharti ni wajibu wa mwajiri, kwa hiyo ukosefu wa karatasi haumwondolei shemeji haki yake. Ila asichelewe: madai yasiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Aanze na wenzake wa kikosi kimoja, wakubaliane kwanza kipande kilikuwa matita mangapi kabla ya nyongeza.