Naomba ushauri: darasa la waongofu wapya linakwama kwenye "kuvua"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Waefeso 4:22-24 ina hatua tatu: kuvua utu wa kale, kufanywa wapya katika roho ya nia, kuvaa utu mpya. Mafundisho mengi huishia ya kwanza: acha pombe, acha wizi. Mtu anabaki kama nyumba tupu, iliyofagiwa, na Mathayo 12:43-45 inasema nini hurudi humo: pepo mchafu yule yule, pamoja na wengine saba. Paulo haachi pengo. Mwizi wa Waefeso 4:28 haachi kuiba tu; anafanya kazi, tena apate cha kumgawia mhitaji.

Sasa kwa aliyeacha pombe, saa za jioni, saa 12 hadi saa 3, mnamjaza nini? Ibada ya katikati ya wiki ni siku moja. Zile nyingine sita je? Wazee wa kanisa na walezi, naombeni utaratibu uliodumu.