Mgongo mgumu na mkao wa kike: nianzie wapi?

Mshonaji, Kondele, Kisumu
Hamjambo nyote. Mimi ni fundi wa nguo, na kwa kuwa kutwa huinamia cherehani, mabega yangu yamesogea mbele na shingo imekitangulia kiwiliwili. Nikijishonea gauni, pindo la nyuma hupanda na la mbele hushuka hata nikilikata sawasawa. Dada yangu ataolewa Desemba, nami nitamsimamia, kwa hiyo ningependa kusimama kwa namna ya kike zaidi: kifua wazi, shingo ndefu, kiuno kinachoonekana. Nimekuwa nikijibinua mbele ya kioo, lakini ikifika jioni kiuno huuma. Je, mgongo wa mtu mzima huweza kulainika?

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Nakuru
Huweza, dada, ila si mahali unapoushughulikia. Uti wa mgongo una pingili 7 za shingoni, 12 za kifuani na 5 za kiunoni. Zile za kifuani zimeshikana na mbavu, kwa hiyo hazijipindi nyuma kwa wepesi, ilhali za kiunoni hujipinda bila shida. Mtu akijibinua, sehemu iliyo laini tayari ndiyo hubeba kazi yote, na ile iliyokakamaa hubaki vilevile. Vijana wa jimnastiki wanaojipinda nyuma mara kwa mara hupata hata nyufa katika pingili za kiuno, hasa ile ya tano.

Viringisha taulo, ulale chali ikiwa imekingama chini ya mgongo pale ukanda wa sidiria unapopita, magoti yamekunjwa na nyayo ziko sakafuni. Pandisha mikono polepole kuelekea nyuma ya kichwa huku ukitoa pumzi, ili mbavu za mbele zisifutuke. Dakika 2 zinatosha. Kisha piga goti moja, kaza kalio la upande wa goti lililo chini, usogee mbele kidogo mpaka uhisi mvuto kwenye kinena, kwa sababu misuli ya hapo hukaza kwa wanaokaa kutwa na kuzidisha mbonyeo wa kiuno. Ganzi au maumivu yakiteremka mguuni, acha mazoezi umwone daktari.

Mwalimu wa dansi, Kakamega
Naongeza kwamba ulaini peke yake hauleti mkao. Weka uzito kwenye mguu mmoja, legeza goti la pili, na nyonga itapanda yenyewe bila kubinuliwa. Kwa shingo, tembea nyumbani na beseni tupu kichwani. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kiluo na Kikuyu, ulioonyesha kwamba waliozoea kubeba mizigo waliweza kuchukua hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kuongeza nguvu wanazotumia kutembea. Utafiti ulihusu nguvu wala si urembo, lakini watazame akina mama wanaoingia sokoni Kibuye na mizigo kichwani, uone shingo zao.

Msomaji, Siaya
Kwa nini mnauita mkao wa kike? Mazoezi haya yangemfaa dereva wa matatu vilevile.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Nakuru
Yangemfaa sana, ndugu yangu. Tofauti ya maumbile ipo, ingawa ni ndogo: watafiti walieleza mwaka 2007 kwamba umbo la kabari linaloupa mgongo mbonyeo huenea katika pingili 3 za kiuno cha mwanamke na 2 za mwanamume, jambo wanalolihusisha na kubeba mimba. Yaliyosalia ni mazoea.

Mshonaji, Kondele, Kisumu
Asanteni sana. Na kazini je? Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na meza yake haipandi.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Nakuru
Sogeza kiti karibu, uinamie kutoka nyongani badala ya kukunja mgongo, na usimame kila unapomaliza kipande kimoja, hata kama mteja amekuketia mlangoni.