Mrejesho: kaka aliyeumia kichwa, jasho na moyo kwenda mbio

Wakuu, niliuliza kwa nini kaka yangu, tangu aumie kichwa, hutokwa jasho ghafla, moyo humwenda mbio na presha hupanda, ilhali vipimo havionyeshi maambukizi. Daktari wa mishipa ya fahamu ametufafanulia: jeraha limevuruga mawasiliano kati ya sehemu za juu za ubongo na haipothalamasi na shina la ubongo, yaani sehemu za chini zinazoendesha mapigo ya moyo, pumzi na joto la mwili bila mtu kufikiri. Yaani breki imelegea. Hata kumgeuza kitandani au kumvuta makohozi huamsha hali hiyo! Anapewa propranololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo na presha, nasi tunamshika taratibu na kupunguza kelele. Vipindi vya hali hiyo vimepungua, ingawa bado vipo. Mliosisitiza tumwone bingwa, asanteni mno.