Nitawapataje watu wa Freretown ndani ya nyaraka za wamisionari zilizo katika maktaba za vyuo vikuu?

MwanaKisauni:

Salaam wanajukwaa. Ninaandaa tasnifu ya uzamili kuhusu watu walioachwa huru waliokaa Freretown na Rabai, tangu Freretown, kijiji cha misheni karibu na Mombasa, kilipoanzishwa mwaka 1875 hadi hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Msimamizi wangu amenielekeza kwenye nyaraka za Church Missionary Society, yaani CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana wa Uingereza, zilizohifadhiwa katika Maktaba ya Utafiti ya Cadbury ya Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza, na nimebahatika kupata ufadhili wa kukaa huko majuma matatu.

Tatizo langu ni kwamba nimekesha na orodha ya mtandaoni ya mkusanyo huo kwa muda wa wiki mbili na sioni pa kuingilia. Nikiandika majina ya ukoo ninayoyafahamu hapa Kisauni, hakuna kinachotokea. Nikiandika neno la Kiingereza la watumwa walioachwa huru, napata maingizo machache mno kuliko nilivyotarajia. Kinachojaa kwenye orodha ni majina ya wamisionari, moja baada ya jingine, na mbele yake maneno makavu kama vile barua, ripoti, shajara, na miaka. Je, watu ninaowatafuta hawamo kabisa, au wamo na mimi ndiye nisiyejua kutafuta?

Swali la pili ni dogo zaidi. Nimeelezwa kwamba katika maktaba nyingine za vyuo vikuu zimo barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Chuoni nilisoma hadi nikahitimu Juzuu Amma, lakini sijapata kusoma Kiswahili kilichoandikwa namna hiyo. Ujuzi huo utanifaa?

MkutubiMstaafu:

Ndugu MwanaKisauni, wamo, tena wengi. Orodha ya nyaraka haitengenezwi kama faharasa ya mwisho wa kitabu, ambako kila jina lililotajwa ndani hutolewa nje na kupewa ukurasa wake. Mtunza nyaraka huorodhesha kwa kufuata asili ya karatasi, yaani nani aliziandika au ofisi gani ilizipokea, na huziacha katika mpangilio ule ule aliozikuta nao. Kwa hiyo jina linaloonekana kwenye orodha ni la mwenye kalamu, na mtu aliyesimuliwa ndani ya barua hataonekana mpaka barua yenyewe ifunguliwe. Usiulize nani alitajwa. Uliza nani alikuwa na sababu ya kumtaja, kisha ukamtafute huyo mwandishi.

Kwa mkusanyo huo wa CMS kuna jambo moja ambalo lingekuokolea wiki zako mbili. Mwaka 1880 chama kilibadilisha utaratibu wake wa kutunza barua. Nyaraka za awali za misheni ya Afrika Mashariki zina alama CA5, na humo barua zimekusanywa chini ya jina la kila mwandishi, kila mtu na jalada lake. Kuanzia mwaka 1880 alama inakuwa G3 A5, na mpango wa majina unaachwa: barua zilizoingia London zilipewa namba upya kila mwaka kwa jinsi zilivyopokelewa, na sambamba nazo kulikuwa na vitabu vya muhtasari ambamo kila barua imeelezwa kwa maneno machache kwa ajili ya wajumbe wa kamati. Hivyo kwa miaka mitano ya kwanza ya Freretown utatafuta kwa jina la mwandishi, na kwa miaka inayofuata utatafuta kwa mwaka na namba. Ukizichanganya mbinu hizi mbili utaambulia patupu, kama ulivyoambulia.

Mpangilio huo usiudharau hata ukikuudhi. Katika maktaba moja niliyowahi kufanyia kazi, ambayo sitaitaja, kijana mwenye nia njema alikabidhiwa masanduku mawili ya barua za familia moja ya wafanyabiashara, naye akazipanga upya zote kwa alfabeti ya majina ya waandishi, akatoa bahasha na kuzifunga peke yake kwa kamba nzuri. Barua nyingi hazikuwa na tarehe; tarehe ilikuwa kwenye muhuri wa posta, juu ya bahasha. Tulikaa miezi tukilinganisha rangi ya wino na mikunjo ya karatasi ili kurudisha kila barua kwenye bahasha yake, na nyingine hazikurudi hadi nilipostaafu.

MtafitiWaNyika:

Naunga mkono aliyosema Mzee Mkutubi, na ninaongeza mambo mawili kutokana na kazi yangu juu ya Rabai.

La kwanza ni tahajia. Katika karne ya 19 kila mwandishi aliandika majina ya pwani kama sikio lake lilivyomwelekeza. Watu tunaowaita leo Wamijikenda utawakuta wakiitwa Wanika au Wanyika. Kiswahili kitakuwa Kisuaheli. Mombasa katika karatasi za awali huandikwa Mombas. Hata Freretown yenyewe huandikwa kwa neno moja au mawili. Andaa daftari lenye kila tahajia utakayokutana nayo, kwa sababu kompyuta haina huruma na herufi moja iliyopungua. Ama majina ya ukoo, mengi unayoyajua leo yalikuwa bado hayajawa majina ya ukoo. Mtu aliyebatizwa alipewa jina moja la Kikristo, na jina hilo hilo walikuwa nalo wenzake kadhaa. Ni kazi anayoifanya, mkewe, au kijiji alichotoka ndivyo vitakavyokuonyesha ni yupi.

La pili ni hili: usidhani kwamba kila kalamu humo ni ya Mzungu. Baadhi ya Waafrika waliolelewa Nasik nchini India, wale waliojulikana kama Waafrika wa Bombay, walirudi pwani wakiwa wanajua kusoma na kuandika, na wakawa walimu na wahubiri Rabai na Freretown. Barua na shajara za George David zimo. Za William Jones zimo pia, yule ambaye pamoja na Ishmael Semler alitawazwa kuwa shemasi mwaka 1885 na Askofu Hannington, na ambaye mwaka huo huo alikuwa katika msafara ambao askofu huyo aliuawa Busoga. Mimi ningeanzia kwa hao. Waliishi na watu unaowatafuta, walisali nao, waliwaamulia ugomvi wa mashamba na ndoa, na mara nyingine waliwatetea mbele ya wamisionari wenzao.

Halafu kuna tukio ambalo litakuonyesha jinsi kisa kimoja kinavyoweza kulala katika vyuo vikuu viwili. Mwaka 1888 ilibainika kwamba Rabai na vituo vingine vya misheni vilikuwa vimejaa watoro, watu waliowakimbia mabwana zao, na mabwana hao wakaanza kudai watu wao. Imperial British East Africa Company, kampuni iliyokuwa ndiyo kwanza imepata hati yake ya kifalme, iliona hatari ya vita, na wakala wake George Mackenzie akapanga fidia ilipwe. Mwanzoni mwa mwaka 1889 zaidi ya watu 1,000 wakapewa hati zao za uhuru. Ukisoma Birmingham utayakuta haya kwa sauti ya wamisionari wanaojieleza kwa wakubwa wao kwa nini waliwapokea watoro. Upande wa kampuni hauko huko. Karatasi za Sir William Mackinnon, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni, ziko katika maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London. Kule mada inageuka kuwa gharama, usalama wa misafara na urafiki na Waarabu wa Mombasa. Mtu yule yule aliyekuwa roho iliyookolewa katika jalada moja ni tarakimu ya malipo katika jingine, na wewe unahitaji majalada yote mawili. Tenga angalau siku nne za London.

KalamuYaMwanzi:

Nijibu lile swali la pili. Juzuu Amma itakufaa kwa kuzitambua herufi, lakini itakuponza kwa sababu itakufanya uamini kile unachokiona. Hati ya Kiarabu haikutengenezewa Kiswahili. Haina herufi za asili za p, ch, g wala v, na ina irabu tatu tu, hivyo kasra moja inabeba i na e, na dhuma moja inabeba u na o. Zaidi ya hayo, waandishi wengi wa zamani hawakuiandika ile m au n inayotangulia konsonanti nyingine, kama katika mb na nd.

Chukua neno moja tu, pembe. Herufi p inaandikwa kwa ba, e inakuwa kasra, mb inarudi kuwa ba, na e ya mwisho ni kasra tena. Kilichobaki kwenye karatasi ni bibi. Sasa fikiria barua ya mfanyabiashara anayemwarifu mwenzake kwamba amepeleka pembe tatu kwa jahazi la jana. Msomaji mgeni ataona mabibi wamesafirishwa, na katika utafiti wa utumwa kosa hilo si la kuchekesha. Kinachokuokoa ni sarufi ya lugha yako mwenyewe: wangekuwa ni mabibi angeandika watatu, na wa ile ingeonekana waziwazi. Isome kwa sauti, urudie mara mbili tatu, na upatanisho wa ngeli utakuambia neno ni lipi. Hapo mzaliwa wa Kisauni anamshinda profesa aliyejifunza Kiswahili vitabuni.

Ujihadhari na tarehe pia. Barua hizi hutumia mwaka wa Hijiria, na siku huanza magharibi jua linapotua. Rajabu ya mwaka 1306, kwa mfano, iliangukia Machi 1889. Jambo lililotokea usiku wa kuamkia Ijumaa mwandishi ataliweka Ijumaa, ilhali mmisionari aliyekaa nyumba ya pili ataliandika chini ya Alhamisi. Nimeona wasomi wakijenga hoja nzima juu ya tofauti ya siku moja ambayo haikuwapo.

Na kwa kuwa utakuwa SOAS, omba karatasi za William Taylor. Alikuwa mmisionari wa CMS pwani hiyo hiyo, na akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikusanya mashairi, methali na maelezo mengi ya lugha. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, zimefika kwetu kwa sehemu kubwa kwa njia hiyo. Mzee Mkutubi alivyosema ndivyo ilivyo: mshairi wa Mombasa amewekwa chini ya jina la padri wa Kiingereza, na anayemtafuta bila kujua jina la padri anaweza kupita mlangoni pake asimwone.

BintiWaRabai:

Samahani kuingilia. Mbona wote mnampeleka Uingereza moja kwa moja? Daftari za ubatizo, ndoa na maziko kwa desturi hubaki kanisani, na huko ndiko majina yaliko. Wapo wazee Rabai na Kengeleni wanaojua babu yupi alitoka kwa Wayao na yupi kwa Wanyasa. Akianza Birmingham atarudi na shehena ya maoni ya wamisionari.

MkutubiMstaafu:

Dada yangu, upo sahihi kwa nusu, na nusu hiyo ni muhimu kuliko nilivyoandika mimi. Aanze kanisani, ndiyo, kwa sababu akiwa na orodha ya majina ya ubatizo na miaka yake, atazifungua barua za Birmingham akijua anamtafuta nani. Lakini daftari la ubatizo humpa jina na siku, basi. Haliandiki kwamba mtu huyo alikataa kulima shamba la misheni, au kwamba alichapwa na mkuu wa kituo hadi ubalozi wa Uingereza Zanzibar ukaingilia. Adhabu za aina hiyo zilizua malalamiko Freretown mwanzoni mwa miaka ya 1880, na malalamiko ndiyo yanayozalisha karatasi. Waliotulia hawakuandikwa sana.

Pia kabla ya kukata tiketi aulize maktaba za vyuo vikuu vya karibu, maana sehemu kubwa ya nyaraka za CMS ilipigwa mikrofilamu na kuuzwa kwa maktaba nyingi duniani. Mikrofilamu inachosha macho, lakini haina majuma matatu.

MwanaKisauni:

Nawashukuru nyote kwa moyo wenu. Nimeahirisha safari hadi nitakapomaliza daftari za kanisani, na leo asubuhi nimetafuta tena chini ya jina la George David, nikapata jalada lake zima. Swali la mwisho kwa Mzee Mkutubi: kwa miaka ya baada ya 1880 niagize nini siku ya kwanza, ikiwa siwezi kusoma kila barua?

MkutubiMstaafu:

Agiza vitabu vya muhtasari peke yake, na siku mbili za mwanzo usiguse kingine. Pitia miaka yako yote, na kila unapoona neno la ugomvi, mtoro, adhabu au fidia, nakili mwaka na namba ya barua. Ukimaliza utakuwa na orodha yako mwenyewe, pengine barua mia moja na ushei, na hizo ndizo za kuagiza. Kumbuka kuangalia na barua iliyo kabla na inayofuata, kwa kuwa mara nyingi anayelalamikiwa aliandika kwa meli ile ile. Kalamu ya wino iache nje; watakuruhusu penseli.