Waliozunguka Pemba tukutane hapa: misitu, mapishi na mila, tupeane uzoefu

Wadau, asalamu aleikum. Kila anayesimulia safari ya Zanzibar anaanza na Mji Mkongwe, anamalizia Nungwi. Pemba hata haitajwi, na inaniuma, maana nimeishi kule kwa kazi na moyo wangu ulibaki. Ukitoka bandarini Mkoani kuelekea Chake Chake ni vilima na mabonde: juu mikarafuu, chini mpunga. Aliyefika atuambie alichokiona, alichokula na nani alimpokea. Naanza mimi.

Nilifikia kwenye familia moja nje kidogo ya Wete, msimu wa karafuu umepamba moto. Majamvi yameanikwa kila uwanja, hata pembeni ya lami, na harufu inakufuata mpaka ndani ya gari. Mchana vijana wako juu ya miti. Usiku nyumba nzima inakaa kitako kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Bibi mwenye nyumba aliniita, "Njoo mwanangu, mikono haikai bure hapa," na hapo ndipo nilipojifunza mengi. Karafuu huchumwa kabla ua halijafumbuka. Likishachanua, thamani imekwenda. Mvua ikiwahi kabla haijakauka, rangi inaharibika na bei inashuka, ndiyo maana wingu dogo tu linatosha kuwakimbiza watu wote uwanjani kukunja majamvi. Makonyo nayo hayatupwi, hukamuliwa mafuta.

Bibi huyo ndiye aliyenisimulia kimbunga cha 1872, habari aliyoirithi kwa wazee wake. Kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka upande huu. Karibuni.

Mpenda Misitu
Mkuu, umenikumbusha mbali. Mimi nilikwenda kwa ajili ya msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi, njia ya kuelekea ufukwe wa Vumawimbi. Ukiingia tu jua linapotea. Kuna mivule mikubwa, na kuna mpapindi, mnazi pori wa kisiwa hicho. Nakushauri uombe kiongozi wa msitu akupeleke usiku kumsikiliza bundi mdogo wa Pemba. Utamsikia muda mrefu kabla hujamwona, na hata usipomwona hutajuta.

Ila kilichonigusa zaidi ni popo, kule Kidike. Popo wa Pemba haishi kokote kwingine duniani, na akikunjua mbawa anapita mita moja na nusu. Aliwindwa kwa ajili ya kitoweo hadi kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 akawa karibu kutoweka. Waliomwokoa ni wanavijiji wenyewe, waliokubaliana kuacha kumwinda na kulinda miti anayolala. Leo wanaonekana kwa maelfu. Mzee aliyetutembeza alisema popo huyo anakula maembe na mashelisheli yao, lakini pia anawapandia msitu kwa mbegu anazodondosha. Nilimheshimu sana mzee yule.

Mke wa Mvuvi
Mmesahau chakula jamani! Mimi ni wa kusini, upande wa Kisiwa Panza. Kwetu wanawake tunashuka pwani maji yakitoka kuchokoa pweza. Zipo nyakati mwamba unafungwa kwa miezi kadhaa, hakuna anayegusa, na ukifunguliwa pweza unaowatoa ni wakubwa kweli. Mpige vizuri kwanza alainike, mchemshe, halafu tui zito la nazi, bizari, ndimu mwishoni. Kula na mkate wa mofa uliotoka jikoni sasa hivi. Mgeni akija kwangu simpikii kitu kingine.

Kahawa Chungu
Halua ya Wete. Inakorogwa kwa saa nyingi, wanga, sukari, samli, iliki na kungumanga, mkono hauruhusiwi kupumzika. Iliwe barazani na kahawa, baada ya alasiri.

Mtoto wa Kengeja
Na mchezo wa ng'ombe? Wengi wanasema tuliachiwa na Wareno, lakini sasa ni wetu kabisa. Zumari inalia, akina mama wanaimba, kijana anamchezea fahali kwa kitambaa. Fahali hauawi, anarudi zizini kwake, na akicheza vizuri jina lake linatajwa miaka. Usiende bila mwenyeji; atakuonyesha pa kusimama pasipo na hatari.

Nahodha Mdogo
Mimi niongeze kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake. Wazee husimulia kuwa Nabii Hadhara alifika pale, akaomba msala wa kusalia, ukakosekana. Akasema kisiwa chenyewe ndiyo msala wake, kimeelekea kibla. Wavuvi wengi wanaichukulia hivyo mpaka leo, na hilo limesaidia sana kulinda matumbawe yake kuliko ilani yoyote. Kasa wanataga pale. Ukienda, usiokote hata kombe.

Mgeni Mtarajiwa
Nitakwenda na mama yangu, ana umri mkubwa kidogo. Wakati gani unafaa?

Mwanzisha uzi
Epukeni masika, Machi hadi Mei, njia za mashamba zinateleza. Kama mnataka karafuu, ulizeni wenyeji kwanza, maana msimu hubadilika na mwingine huwa haba. Mama avae nguo za stara tu, na mkikuta Ramadhani msile hadharani mchana. Bahari ikichafuka meli inasumbua, hivyo kwa mama ningechagua ndege mpaka Chake Chake.